Udongo Unapokabana: Chembe Laini, Maji na Miteremko ya Mamba

Lundo la chembe laini huweza kugeuka yabisi bila kugandishwa na baridi na bila kutiwa gundi. Povu la sabuni husimama juu ya beseni na kushika umbo, na ndani yake hamna kitu ila hewa na maji ya sabuni. Mayonezi haimwagiki chupa inapoinamishwa, ilhali mafuta, siki na kiini cha yai vilivyoitengeneza vyote humwagika. Udongo mwekundu wa Mamba, yaani Mamba Miamba, upande wa mashariki wa Milima ya Upare wilayani Same, hubeba migomba, nyumba na barabara kwa miaka mingi juu ya miteremko ambayo mgeni huipanda akishika magoti. Kisha huja usiku mmoja wa mvua, na udongo uleule ukashuka kama uji. Jambo linaloviunganisha vitu hivi ni kukabana. Chembe hujaa mahali hadi kila moja inazuiwa na majirani zake, na lundo zima linakataa kusukumwa.

Maji yakiganda kuwa barafu, molekuli zake hujipanga safu kwa safu. Lundo lililokabana halina mpangilio wa namna hiyo. Likipigwa picha muda mfupi kabla ya kukabana na muda mfupi baadaye, picha hizo mbili hazitofautiani kwa macho: katika zote chembe zimekaa ovyo. Kilichobadilika ni migusano. Kwa hiyo swali la udongo fulani ni mgumu kiasi gani halijibiki kwa kuchunguza punje moja moja, hata kwa darubini nzuri. Ugumu huo ni mali ya lundo, na lundo linaweza kuupoteza huku kila punje ikibaki ilivyokuwa.

Cha kwanza kupimwa ni nafasi. Mwaka 1960 watafiti wawili, J. D. Bernal wa London na G. D. Scott wa Toronto, walitangaza kila mmoja kwa njia yake matokeo ya kumimina gololi za chuma kwenye vyombo na kuvitikisa. Gololi zilizomiminwa ovyo hazikupita takribani asilimia 64 ya ujazo wa chombo, hata zikitikiswa vipi. Asilimia 36 ilibaki mianya. Kwa kuzipanga kwa mkono, kama wauza machungwa wanavyojenga piramidi zao, inawezekana kufika asilimia 74. Johannes Kepler alidai mwaka 1611 kwamba hapo ndipo mwisho wa kubana tufe zinazolingana, na uthibitisho wa kihisabati ulipatikana kwa Thomas Hales mwaka 1998. Lakini lundo linalomiminwa halijipangi. Linakwama mapema, kwenye 64.

Chini ya 64 kuna ukanda mpana wenye faida kwa wafanyabiashara. Punje zenye msuguano zikimiminwa taratibu huweza kusimama zikiwa zimejaza asilimia 55 hadi 60 tu. Debe moja, likimiminwa kwa upole na muuzaji au likipigwapigwa na mnunuzi, hubeba nafaka za uzito tofauti, na wote wawili wanalijua hilo vizuri. Lumbesa, gunia linaloongezewa kichwa juu ya mdomo wake, ni biashara ya ukanda huohuo: mkulima analipwa kwa gunia, na mshindiliaji anatafuta asilimia chache zilizobaki kati ya punje na punje. Mizani huondoa utata huo wote, ndiyo sababu Wakala wa Vipimo husisitiza mazao yauzwe kwa kilo.

Umbo nalo lina neno. Mwaka 2004 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba peremende bapa, zikimiminwa ovyo, hufika asilimia 68 hadi 71 na kuzipita gololi. Tangawizi, zao ambalo Mamba Miamba inajulikana nalo nchini na ambalo limejengewa kiwanda hukohuko, iko upande wa pili. Vidole vyake vyenye matawi huingiliana na kushikana kabla nafasi haijajaa, kwa hiyo lundo lake husimama wima na mianya mikubwa ndani. Gunia la tangawizi linaweza kuonekana limejaa na kukabana huku sehemu kubwa yake ikiwa hewa.

Kwa nini lundo likwame kwenye kiwango fulani na si kingine? Jibu linatokana na hesabu ya James Clerk Maxwell ya mwaka 1864 kuhusu fremu za nondo na maungio. Punje moja isiyo na msuguano inaweza kwenda mbele au nyuma, kushoto au kulia, juu au chini: njia tatu. Kila mgusano hufunga njia moja, lakini mgusano ni wa punje mbili, hivyo kila punje inahesabiwa nusu yake. Ili njia tatu zifungwe, kila punje inahitaji wastani wa migusano sita. Wakiwa watano, majirani wanaacha upenyo na lundo linatiririka. Wakifika sita, lundo zima linashikana mara moja. Bernal alimimina rangi nyeusi juu ya gololi zake, akaiacha ikauke, kisha akazitenganisha na kuhesabu alama zilizobaki mahali zilipogusana. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na hadi leo ni moja ya njia safi zaidi za kuuona mgusano kwa macho.

Msuguano hupunguza idadi inayotakiwa. Punje mbili za mchanga zinazogusana hazizuiani kwa kusukumana tu, bali pia kwa kukataa kuteleza, hivyo mgusano mmoja hufunga njia zaidi ya moja. Mchanga mkavu wenye kwaruzo unaweza kusimama kwa wastani wa migusano minne hivi kwa kila punje. Ndiyo maana punje za kawaida hukabana zikiwa legelege, mbali kabisa na 64. Lundo la namna hiyo linasimama, lakini halina akiba.

Chembe zikiwa laini, habari haiishii kwenye kukwama. Gololi za chuma zikishakabana haziwezi kuongezwa zaidi. Kiputo cha povu, tone la mafuta au kinundu cha udongo uliolowa hubonyea, na kubonyea huko kunaruhusu lundo kupita kiwango cha kukabana. Mayonezi yenye mafuta asilimia 70 hadi 80 imelipita 64 kwa mbali, na matone yake yamesukumana hadi yamepoteza uduara. Povu nalo hulegea pale maji yake yanapofikia asilimia 36 hivi, yaani pale viputo vinaporudi kwenye 64 na kuwa duara tena. Mwaka 1995 Mmarekani Douglas Durian aliunda viputo vya namna hii ndani ya kompyuta, kila kimoja kikisukuma jirani kama springi, na mwaka 2003 Corey O'Hern na wenzake walichora kwa undani kinachotokea karibu na ukingo huo.

Walichokiona kinastahili kusomwa polepole. Pale kiwango kinapofikiwa, idadi ya migusano haipandi kidogo kidogo kutoka sifuri. Inaruka moja kwa moja hadi sita. Baada ya hapo inapanda kwa kanuni ya kipeuo cha pili: msongamano wa ziada ukiwa mara nne, migusano ya ziada inakuwa mara mbili. Ukaidi wa lundo dhidi ya kubanwa kutoka pande zote unaruka pia. Lakini ukaidi dhidi ya kusukumwa kando, yaani tabaka la juu kuteleza juu ya la chini, unaanza kutoka karibu na sifuri na kupanda taratibu. Lundo lililovuka ukingo wa kukabana kwa kiasi kidogo tu, kwa maneno mengine, linaweza kubeba uzito mkubwa unaolishinikiza kutoka juu na bado likashindwa na msukumo mdogo wa upande. Kwa mhandisi wa mteremko, sehemu hii ya nadharia ina uzito kuliko nyingine zote, kwa kuwa mlima huvuta udongo wake kwa upande.

Uzito ndani ya lundo haugawanyiki sawa. Robert Behringer wa Chuo Kikuu cha Duke alitumia visahani vya plastiki ambavyo hung'aa vinapobanwa chini ya mwanga maalumu, akaonyesha kwamba kani husafiri kwa minyororo: mistari michache ya chembe hubeba sehemu kubwa ya mzigo, na chembe zilizo katikati ya mistari hiyo hazibebi karibu chochote. Minyororo hiyo huegemea kuta. Mjerumani H. A. Janssen alipima jambo hilo mwaka 1895 kwenye maghala marefu ya nafaka, akakuta kwamba shinikizo la sakafuni linaacha kuongezeka nafaka inapofika kimo fulani, kwa sababu kuta zimeanza kubeba sehemu ya mzigo. Kwa sababu hiyohiyo nafaka hukwama kwenye mdomo wa bomba la ghala au mashine ya kukoboa: punje chache zimejenga tao juu ya tundu. Pigo dogo la nyundo hulivunja, na nafaka humwagika.

Minyororo hii hujengwa kwa ajili ya mzigo unaotoka upande mmoja. Mwaka 1998 Michael Cates na wenzake waliliita lundo la namna hii dhaifu kwa maana mahususi: linabeba vizuri mzigo uliolikabanisha, lakini mzigo huohuo ukigeuzwa mwelekeo, minyororo inavunjika na lundo linasogea hadi lijenge mingine. Mwaka huohuo Andrea Liu na Sidney Nagel walipendekeza mchoro mmoja wa kuvipanga vitu hivi vyote pamoja, wenye mihimili mitatu: msongamano, halijoto na msukumo. Kitu kilichokabana kinaweza kulegea kwa kupanuliwa, kwa kutikiswa, au kwa kusukumwa kupita kikomo chake. Udongo wa mlimani haujali joto la mchana. Hatari zake ni mbili nyingine, na mtetemo wa tetemeko ambao kwa punje kubwa huchukua nafasi ya joto.

Sasa Mamba. Milima ya Upare ni sehemu ya Tao la Mashariki, miamba ya kale iliyopikwa na kukunjwa ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita na kuinuliwa baadaye kwa mipasuko. Kilele chake cha juu upande wa kusini, Shengena, kina mita 2,462. Upande wa mashariki hupokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, hivyo mvua za vuli na masika huwa nzito kuliko upande wa mjini Same, ulio kivulini mwa milima. Katika nyanda za juu zenye joto na unyevu, mwamba huoza kwa kina kirefu na kuacha udongo mwekundu wa mfinyanzi. Oksaidi za chuma hugandisha mfinyanzi huo kuwa vinundu vidogo, na vinundu hivyo hukaa kama punje za mchanga: maji hupita kati yake, jembe huingia kwa urahisi, mizizi hupenya. Hizi ndizo chembe laini za Mamba. Zikikauka ni ngumu, zikilowa hubonyea.

Ni haki kusema kwamba mfinyanzi una mambo ambayo viputo na gololi hazina. Bamba zake ndogo huvutana kwa umeme, na hilo huupa udongo mshikamano hata pasipo mzigo. Maji machache kati ya vinundu nayo huvuta: utando wa maji unaozunguka mgusano hukaza punje mbili pamoja, kama watoto wanavyojua kwenye mchanga wa pwani. Mteremko wa Mamba wakati wa kiangazi unashikiliwa kwa nguvu hizi zote, pamoja na mizizi. Ndiyo maana husimama wima zaidi kuliko mchanga mkavu, ambao hauwezi kuvuka nyuzi 30 hadi 35 hivi.

Mvua huondoa nguvu hizo kwa zamu. Kwanza utando wa maji hutoweka, kwa kuwa mianya imejaa na hakuna tena hewa ya kuunda kingo zake. Kisha maji yaliyojaa huanza kusukuma. Karl Terzaghi, aliyefanya majaribio yake ya mwanzo Istanbul na kuchapisha kitabu chake cha msingi mwaka 1925, ndiye aliyeweka hesabu: kinachoufanya udongo usimame si uzito wote ulio juu yake, bali uzito huo ukiondolewa shinikizo la maji ya mianyani. Udongo wa kina cha mita 3 uliojaa maji una uzito wa tani 6 hivi kwa kila mita ya mraba. Maji yakifika juu kabisa, yanabeba karibu tani 3 za uzito huo. Punje hazijapungua wala hazijaoza, lakini zinabanwa kwa nusu ya nguvu iliyozishika jana. Kwenye mteremko usio na mshikamano mwingine, ambapo maji yanatiririka sambamba na uso wa ardhi, pembe salama hushuka kutoka nyuzi 34 hadi takribani 19. Mashamba mengi ya milimani yako juu ya hapo.

Kushindwa kwa mteremko bado kuna sura mbili, na tofauti yake ilielezwa na Osborne Reynolds tangu mwaka 1885. Lundo lililobanana sana haliwezi kusogea bila kupanuka kwanza, maana punje lazima zipandiane. Lundo legelege hufanya kinyume: likisogea, punje zinaanguka kwenye mianya na lundo linajikusanya. Penye maji, tofauti hii huamua nani atapona. Udongo uliobanana ukipanuka hunyonya maji, shinikizo linashuka, punje zinabanwa upya na mteremko unajizuia wenyewe. Udongo legelege ukijikusanya huyakamua maji yasiyo na pa kwenda, shinikizo linapanda ghafla, na migusano iliyobaki inaachana. Mwaka 2000 Richard Iverson na wenzake wa taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani walilithibitisha kwenye mfereji mkubwa wa majaribio huko Oregon. Udongo wenye mianya nusu ya ujazo wake ulifikia kasi ya zaidi ya mita moja kwa sekunde ndani ya sekunde moja tu. Ule wenye mianya asilimia 40 uliteleza kwa vipindi, kwa wastani wa milimita 2 kwa sekunde. Asilimia 10 za mianya zilitenganisha mtu anayeweza kutoka nje na mtu asiyepata nafasi ya kuamka.

Novemba 2009, wakati wa mvua za vuli, mteremko uliporomoka katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, na kuua zaidi ya watu 20, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao. Afrika Mashariki ina orodha ndefu ya matukio ya aina hiyo. Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa kwenye Mlima Elgon upande wa Uganda, kilifunikwa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliingia Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara, na zaidi ya watu 80 wakafa. Katika taarifa za habari tukio la namna hii hupewa sababu moja, mvua kubwa. Mvua ndiyo iliyosukuma, lakini miteremko mingi ya jirani hupokea mvua ileile na kubaki mahali pake. Kinachotofautisha ni hali ya lundo kabla ya mvua: mianya kiasi gani, maji yanatokea wapi, na mizizi bado ipo au imeoza.

Kazi za watu huingia hapo. Jembe hulegeza tabaka la juu, na tangawizi, inayong'olewa ardhini, hulilegeza tena wakati wa kuvuna. Hilo peke yake ni tabaka la sentimita chache, si mlima. Hatari zaidi ni maji yanayopelekwa mahali yasipopaswa kukaa. Mfereji unaovuja juu ya nyumba, au ukingo wa barabara uliokatwa bila mtaro, hulowesha udongo wa chini kwa miezi kabla mvua kubwa haijafika. Wapare wa kusini wana ujuzi wa zamani wa kuhifadhi maji kwenye ndiva, mabwawa madogo ya mlimani yanayojazwa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Ndiva iliyoshindiliwa vizuri haivuji, na hiyo nayo ni kazi ya kukabanisha udongo. Matuta ya ngazi yenye kingo za mawe hufupisha mteremko, ilimradi maji yaliyokusanywa na kila ngazi yana njia ya kutoka. Tuta lisilo na njia ya maji huyahifadhi pale hasa ambapo hayatakiwi. Mizizi ya miti hushona tabaka la juu na la chini. Mti ukikatwa, mizizi huendelea kushika kwa miaka michache kisha huoza, kwa hiyo mteremko unaweza kuporomoka muda mrefu baada ya shoka kusahauliwa.

Tope likifika bondeni hukabana upya. Maji yanachuja, uzito unarudi kwenye migusano, na baada ya siku chache mtu anaweza kutembea juu yake. Udongo huo una rutuba na uko mahali tambarare, hivyo huvutia kulimwa na hata kujengwa. Lakini umetulia kwa uzito wake mwenyewe tu, ukiwa na mianya mingi, na ndio aina ambayo majaribio ya Oregon yaliikuta ikikimbia. Kabla ya kuujengea, unahitaji mitaro ya kuuondolea maji, kisha kushindiliwa.

Kushindilia nako kuna kanuni, iliyowekwa na Ralph Proctor wa California mwaka 1933. Kwa kila aina ya udongo kuna kiasi cha unyevu kinachoruhusu chembe kubanana kuliko kiasi kingine chochote. Udongo ukiwa mkavu mno, vinundu vyake ni vigumu na havibonyei; ukiwa na maji mengi mno, maji yenyewe yanashika nafasi na kubeba uzito wa shindilio. Wajenzi wa barabara za udongo na lami, zikiwemo za chini ya Milima ya Upare kati ya Same, Kisiwani na Mkomazi, hufanya kazi kwa kanuni hii. Udongo hutandazwa kwa matabaka membamba, hunyunyiziwa maji kwa kipimo, kisha hupitiwa na mtambo wa kushindilia unaotetema, kwa sababu mtetemo huvunja matao madogo yaliyojengeka kati ya punje na kuziacha zikae karibu zaidi. Baadaye fundi wa maabara huchimba shimo dogo, hupima uzito wa udongo uliotoka na ujazo wa shimo, na kulinganisha na kiwango cha Proctor. Kwa kawaida hutakiwa kufika angalau asilimia 95. Tabaka lililoshindwa kipimo hukwanguliwa, hulowanishwa au hukaushwa, na kushindiliwa tena.